Tuta la Mtaa wa Mikwajuni

Jamhuri ya Subirini ni nchi inayowapenda watoto. Nalisema hili mapema ili nisije nikaeleweka vibaya. Picha zao zimejaa kwenye kalenda za wizara, kwenye stempu, na kwenye ukuta wa uwanja wa ndege, ambako mgeni akishuka hupokelewa na mtoto anayecheka huku ameshika bendera. Tuna Siku ya Mtoto na Wiki ya Mtoto. Mwaka juzi tulitangaziwa Mwaka Mzima wa Mtoto, ukaishia mwezi wa saba kwa sababu ya majukumu mengine. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba serikali yetu haiwajali watoto. Nitakayoyasimulia ni yale tu yaliyotokea mtaani kwetu, Mikwajuni, na nitayasimulia kama yalivyokuwa.

Mtaa wetu uko nyuma ya majengo ya wizara. Kwa miaka mingi ulikuwa wa udongo. Watoto walicheza rede katikati ya njia, waliruka kamba, walichora mistari kwa vijiti, na baiskeli ya muuza mkate ilikuwa ikiwasubiri wamalize zamu ndipo ipite. Wazee wetu waliomba lami kwa miaka kumi na tisa. Kisha barabara kubwa ikazidi foleni, na wakubwa wakagundua kwamba ukikata kupitia Mikwajuni unaokoa dakika nne kufika wizarani. Lami iliwekwa kwa wiki mbili. Tulipiga vigelegele siku ya uzinduzi, na mimi nikiwemo. Hakuna aliyeuliza lami ile ni ya nani.

Jibu lilikuja Jumanne, tarehe tatu mwezi wa tano, saa saba na dakika chache mchana.

Katika shule yetu ya msingi alikuwepo mpishi wa uji aitwaye Zamda, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Mama Mwamini, kwa jina la mtoto wake wa pekee, msichana wa miaka minane, wa darasa la pili, aliyekuwa na tabia ya kuuliza maswali hata akiwa anapiga mswaki. Kila mchana Mwamini alimsubiri mama yake asugue masufuria, wakarudi pamoja. Siku hiyo masufuria yalikuwa yameungua. Mama yake akamwambia, "Tangulia na Tausi, nakuja nyuma yenu." Tausi alikuwa mtoto wa jirani yao Sadala, fundi mwashi. Wasichana wawili wakaondoka wameshikana mikono.

Gari lilikuwa jeupe. Lilitokea kwenye kona ya duka la mafuta ya taa, likampiga Mwamini, likamwacha Tausi ameshika hewa. Halikupunguza mwendo. Watu wanne waliliona, na wote wanne walisema lilikuwa na namba za serikali.

Zamda alikuta mwanawe amefunikwa kanga ya mtu mwingine. Aliinama, akaifunua, akaanza kumfunga vifungo vya shati la shule vilivyokuwa vimefunguka, kimoja baada ya kingine, mpaka cha juu kabisa. Wanawake walipomshika kumwinua, aliwaambia wamwache amalize.

Polisi walifanya uchunguzi kwa siku mbili. Askari wa Subirini wanaweza kuitambua baiskeli isiyo na kengele kutoka umbali wa mita mia tatu, lakini gari lile jeupe liliwashinda. Waliandika: *Gari halikujulikana. Mtoto alijulikana.* Jalada likafungwa.

Arobaini ilipopita, Zamda alikwenda Idara ya Usalama wa Mtoto Barabarani. Sadala alimsindikiza. Mapokezini walimkuta karani aitwaye Edina, mwanamke mpole ambaye aliwapa viti na maji ya kunywa. Nataka jambo hili likumbukwe, kwa sababu watu husema ofisi zetu hazina adabu.

"Nimekuja kuomba tuta," Zamda alisema. "Matuta mawili kama inawezekana. Ikishindikana, hata moja, pale kwenye kona."

"Pole sana, mama," Edina alisema, akatoa fomu. "Sababu ya maombi?"

"Mtoto wangu aligongwa."

"Amefariki?"

"Amefariki."

Edina aliandika, akageuza ukurasa, akaandika tena, kisha kalamu ikasimama. Alisoma mstari mmoja mara mbili, midomo ikitembea kimya.

"Mama, hapa nakwama kidogo. Kanuni inataka vifo vitatu katika mtaa mmoja, ndani ya mwaka mmoja. Nyinyi mna kimoja tu."

Zamda alimtazama. Sadala ndiye aliyeuliza. "Dada, unasema mpaka wafe wengine wawili?"

"Sisemi wafe, kaka yangu, Mungu apishe mbali. Nasema fomu inasubiri. Naiweka hapa, haitapotea. Mkikamilisha, mnarudi tu, hamtaanza upya."

Njiani kurudi, walifika kwenye kona. Hapo Zamda alisimama, akawatazama watoto waliokuwa wanatoka shule wamejibanza kwenye ukuta, wakipita kwa ubavu kama kaa.

"Baba Tausi," alisema, "wale wawili wanaosubiriwa ni akina nani?"

Sadala aliniambia baadaye kwamba tangu dakika ile kila alipomtazama binti yake aliliona lile pengo kwenye fomu.

Idara haikukaa kimya. Mwezi uliofuata, Mkurugenzi mwenyewe, Mheshimiwa Dastani Kivumbi, alikuja mtaani kwetu kuadhimisha Wiki ya Mtoto na Barabara. Mahema yalipigwa, watoto wakatolewa madarasani kuimba. Walisimama juani tangu saa tatu. Msafara wa magari saba uliingia saa sita na nusu kwa mwendo uliotufanya sote turukie mitaroni, pamoja na kwaya. Mheshimiwa akateremka akitabasamu, akasema amefurahi kuona jinsi tulivyochangamka.

Hotuba yake ninayo. Iligawiwa ikiwa imechapwa kwenye karatasi nzuri.

"Ndugu wananchi," alisema, "wataalamu wangu wamefanya utafiti wa miaka miwili, ndani na nje ya nchi, hasa nje. Utafiti umebaini kwamba watoto wote waliogongwa barabarani, nasema wote, asilimia mia moja, walikuwa barabarani. Hakuna hata mmoja aliyegongwa akiwa kitandani. Kwa hiyo, ndugu zangu, tatizo tumelipata."

Makofi yalipigwa na safu ya mbele, iliyokuja naye.

Akatangaza hatua. Kuanzia siku hiyo ilikuwa marufuku mtoto kucheza mtaani. Kila mtoto atavaa fulana ya njano na kubeba kibali cha kuvuka, chenye picha na mhuri, kitakachohuishwa kila muhula. Mtoto atakayegongwa bila kibali hatahesabiwa kuwa amegongwa. Atahesabiwa kuwa alizurura.

Zamda alikuwa amesimama nyuma, karibu na masufuria, kwa maana ndiye aliyepewa kazi ya kuwapikia wageni. Alinyoosha mkono wenye mwiko.

"Mheshimiwa, na magari je?"

"Magari yamefanya nini?"

"Yanakimbia."

Mheshimiwa Kivumbi alicheka kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mtoto. "Mama yangu, gari la serikali halikimbii. Linawahi."

Watu wakacheka. Hata baadhi yetu tulicheka, na aibu ile ninayo mpaka leo. Zamda aliushusha mwiko, akaufuta kwa kitambaa, akauweka mezani. Alimfuata Sadala alikokuwa ameegemea ukuta.

"Tuta linataka nini?"

"Kokoto, mchanga, saruji. Na siku moja ya kukauka."

"Basi Jumapili."

Jumapili hiyo, mapema asubuhi, Sadala alichora mstari wa chaki kwenye kona, upande hadi upande. Hakuna aliyeitwa, lakini tulikuja. Muuza duka la mafuta ya taa alitoa mifuko miwili ya saruji. Muuza mkate alileta mchanga kwa baiskeli, safari kumi na moja. Wanawake waliponda kokoto. Mimi, ambaye maisha yangu yote sijawahi kuvunja hata kanuni ya kupanga foleni, nilichota maji. Zamda alichanganya zege kwa koleo mpaka viganja vikachubuka, na Sadala alipotaka kumpokea alisema, "Baba Tausi, niache. Hii ni kazi ya mwanangu." Jioni tukawa na tuta lenye kimo cha shubiri moja, laini, lililopigwa mistari ya chokaa.

Jumatatu magari yalipunguza mwendo. Hakuna lililovunjika, hakuna wizara iliyoanguka. Wakubwa walifika kazini wakiwa wamechelewa labda nusu dakika, na nchi ikaendelea.

Siku ya tatu watoto wawili walitoka kuangalia. Ya nne wakawa kumi. Ya tano Tausi, ambaye tangu tarehe tatu alikuwa hataki kutembea kando ya barabara bila kumshika baba yake kiuno, alitoka na kamba. Rede ikarudi, na kelele zake, na ugomvi wake wa nani ameguswa na mpira na nani hakuguswa. Zamda alikuwa anakaa mlangoni kwake akiwatazama. Siku hiyo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa sauti, na watoto wakasimamisha mchezo. Aliwapungia mkono. "Chezeni," alisema. "Chezeni tu, wanangu."

Tulikuwa na siku kumi na moja za namna hiyo.

Siku ya kumi na mbili gari la Mheshimiwa Kivumbi, lililokuwa limetoka safari ya mikoani na halina habari, lilikuja kwa mwendo wake wa zamani. Bampa lilivunjika. Chai aliyokuwa anakunywa ilimmwagikia mapajani. Hii ilikuwa saa nne asubuhi. Saa sita, mtaa ambao kwa miaka mingi ulikuwa unaambiwa kwamba serikali haina mitambo uliingiliwa na greda moja, malori mawili, mhandisi, na askari kumi na wanne. Tuta lilivunjwa kwa dakika thelathini na tano. Lazima niseme ukweli, ilikuwa kazi safi. Hawakuacha hata kokoto.

"Nani kajenga?" mhandisi aliuliza.

"Mimi," alisema Sadala.

"Mimi ndiye niliyemwomba," alisema Zamda.

Wakapandishwa lori moja na kifusi chao.

Walikaa mahabusu siku tisa. Tausi alilala kwetu, na kila asubuhi niliona amekunja godoro na kuketi juu yake, amevaa viatu tayari, kama mtu anayengoja kuitwa. Shtaka liliposomwa mahakamani lilikuwa hili: kupunguza kasi ya serikali bila kibali.

Hakimu alikuwa bwana mmoja mzito, Pandisha kwa jina. Mheshimiwa Kivumbi aliketi benchi la mbele, amevaa suruali mpya. Wakili wa serikali alileta ushahidi wa hasara: picha za bampa, picha za suruali, na kitabu cha safari za gari, ambamo dereva huandika kila anakopita na kila kinachotengenezwa. Kisha akamwita dereva mwenyewe, mtu mwembamba mwenye mvi za pembeni, aitwaye Longino. Longino akaeleza jinsi gari lilivyoruka. Alikuwa anasema akitazama viatu vyake.

"Washtakiwa wana swali?" Hakimu aliuliza, akiwa tayari anafunga jalada.

"Naomba nikione hicho kitabu," Zamda alisema.

Katika Subirini mshtakiwa anayo haki ya kuuona ushahidi. Haki hiyo haijafutwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuiomba. Wakampa. Alisimama kizimbani akifunua kurasa kwa kidole, kwenda nyuma, mwezi hadi mwezi, bila haraka. Karani wa mahakama alikohoa. Hakimu aliangalia saa. Kisha kidole kikasimama, na Zamda akasoma kwa sauti ile ile aliyotumia kuita zamu za uji.

"Tarehe tatu, mwezi wa tano. Saa saba na dakika kumi. Njia, Mikwajuni. Madhumuni ya safari, kumwahisha Mkurugenzi kwenye kikao cha usalama wa mtoto barabarani." Akafunua. "Tarehe nne, mwezi wa tano. Taa ya mbele kushoto imebadilishwa. Bampa limeoshwa."

Hakuna aliyekohoa tena.

"Kaka yangu," alimgeukia Longino, "ulikuwa wewe?"

Wakili wa serikali alisimama, akakaa. Longino alishika ukingo wa kizimba cha mashahidi kwa mikono miwili.

"Nilikuwa mimi, mama. Nilitaka kusimama. Nikaambiwa, twende, tumechelewa."

"Nani alikuambia?"

Longino alitazama benchi la mbele. Mheshimiwa Kivumbi alikuwa anasoma kitu kwenye simu yake.

"Mimi nina mabinti watatu," Longino alisema, ingawa hakuulizwa. "Kila nikirudi nyumbani wananikimbilia mlangoni. Siwezi hata kuwanyanyua."

"Shahidi anyamaze," alisema Hakimu. "Na wewe mshtakiwa, swali hilo halihusiani na tuta."

"Mheshimiwa Hakimu," Zamda alisema, "ndilo tuta lenyewe."

Hukumu ilitoka siku hiyo hiyo, maana mahakama zetu zinapotaka ni nyepesi sana. Ukurasa wa mwezi wa tano uliondolewa kitabuni kwa kuwa haukuhusika. Longino alikamatwa mlangoni kwa kosa la kutoa siri za safari za kiserikali, na alipata miaka miwili. Sadala, mwashi, alikatazwa kugusa saruji kwa miaka mitatu. Zamda alipewa onyo kali, na aliporudi shuleni alikuta barua ya kuachishwa kazi, ikieleza kwamba huzuni yake ingeweza kuingia kwenye uji wa wanafunzi. Mheshimiwa Kivumbi hakuadhibiwa, kwa sababu hakushtakiwa, lakini msiseme hakuna kilichofanyika. Alihamishwa. Sasa ni Katibu Mkuu wa Wizara ya Wazee, na nasikia anawapenda sana wazee.

Wiki moja baadaye Edina alikuja Mikwajuni. Alikuja kwa miguu, nje ya saa za kazi, jua kali, amefurahi. Alimkuta Zamda anafua, nami nikiwa hapo.

"Mama, nimekuletea habari. Ile hukumu imesaidia. Zamani kifo chenu kilikuwa cha maelezo tu, sasa kimo kwenye kumbukumbu za mahakama. Nimekiingiza rasmi. Bado viwili."

Zamda alikamua nguo aliyokuwa nayo mpaka tone la mwisho, akaitundika.

"Una mtoto, dada?"

"Ninaye. Wa kiume, yuko darasa la kwanza."

"Akitoka shule anapita wapi?"

Edina alifungua mdomo. Nilimwona akiifikiria njia, hatua kwa hatua, kutoka geti la shule mpaka nyumbani kwake. Aliaga bila kumaliza maneno.

Kesho yake, saa saba kasorobo mchana, Zamda alitoka nyumbani amebeba kiti. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kona, akakiweka katikati ya lami, akaketi akitazama upande magari yanakotokea. Muuza mkate alimwambia, "Mama Mwamini, watakuua." Alisema, "Basi watakuwa wamebakiza mmoja."

Sadala alileta kigoda chake, akaketi kulia kwake. Mama mmoja akaja na ndoo, akaifudikiza, akaketi. Mwingine akaja na mtoto mgongoni. Mimi nimekwisha kuwaambia kwamba ni raia mtiifu. Nilisimama mlangoni kwangu muda mrefu, nikimtazama Tausi anatokea kule mwisho wa mtaa na wenzake, bila fulana ya njano, bila kibali. Kisha nikachukua kiti cha chumbani na kwenda kuketi. Nilikuwa wa tano kutoka kushoto.

Gari lilitokea kwenye kona. Lilikuwa jeupe, jipya, na bendera ndogo mbele, limembeba Mkurugenzi mpya. Lilikuwa linawahi. Lilipiga honi, likapiga tena, likapiga honi ndefu isiyokatika. Zamda hakuyafumba macho. Hakuna aliyenyanyuka.

Tairi zilipiga ukelele, harufu ya mpira ikatufikia puani. Gari lilisimama hatua tatu kutoka kwenye magoti ya Zamda. Mkurugenzi mpya alitoa kichwa dirishani, akaanza kuuliza kama tunajua yeye ni nani. Nyuma yetu watoto walikuwa wanapita, wengine mbio, wengine wakiburuta miguu, mmoja akisimama kufunga kamba za viatu katikati kabisa ya barabara, na tulimwacha afunge.

Tulikuwa tumeambiwa mengi kuhusu magari yale. Tuliambiwa yana haraka, yana bendera, yana kazi za taifa. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba yana breki.